Waya Uliokunjwa Vizuri

Kwa miaka michache kabla mke wangu hajafariki, nilikuwa na kazi ya pembeni ambayo kila niliyemweleza alicheka. Nilikuwa nawasha kompyuta, naipa kazi ya kuandika mafaili, halafu katikati ya kazi hiyo nachomoa waya ukutani. Mashine inazimika ghafla. Kisha nairudishia umeme, naangalia kipi kimepona na kipi kimepotea, naandika nilichokiona na kumtumia mtu mmoja wa nchi ya baridi ambaye mpaka leo sijamwona sura.

Mimi ni fundi. Nilimaliza darasa la saba Mwika, nikashuka Moshi mjini kujifunza redio, na redio zilipoacha kuletwa nikahamia kompyuta. Kiingereza changu nimekipata kwenye vitabu vya mashine, kwa hiyo naweza kuandika kwamba kitu kimeungua lakini siwezi kumsalimia mtu vizuri. Kwa kazi ile kilitosha.

Ndani ya kila kompyuta kuna kiini, yaani programu inayozitawala nyingine zote, na ndani ya kiini kuna sehemu inayokumbuka kila faili limewekwa wapi kwenye diski. Sehemu hiyo ikikosea, faili lako linaweza kuwepo na usilipate tena. Yule mtu alikuwa akitengeneza sehemu hiyo upya, na kila alipobadilisha kitu alikitoa kama kiraka cha kujaribiwa. Alihitaji watu wa kujaribu viraka vyake kwenye mashine nzee, mahali ambapo umeme si wa kutegemea. Nilimwandikia kwamba nina mashine nzee, na kwamba umeme wa huku kwetu unaijua hiyo kazi kuliko mimi. Akanipokea.

Mashine ya majaribio niliiweka sebuleni, nyumbani kwetu Shirimatunda, kwa sababu kibanda changu cha mjini kina vumbi. Ilikaa juu ya meza ndogo karibu na dirisha, ikivuma mchana kutwa. Mke wangu aliiita mke mwenzake.

"Mke mwenzangu kaamkaje leo, fundi?" aliniuliza asubuhi akileta chai.

"Kanuna."

"Utamchomoa?"

"Nikimaliza chai."

"Wachagga wenzako wako sokoni wanauza, wewe umejifungia ndani unachomoa waya bure. Wakiniuliza mume wako anafanya nini, niseme nini?"

"Sema napima kama mashine inaweza kukumbuka hata ikizimwa ghafla."

"Na ikisahau?"

"Namwambia aliyeitengeneza, anarekebisha."

"Haya. Basi na mimi nikisahau chumvi kwenye mtori usininunie. Niandikie, nirekebishe."

Hatukujaliwa mtoto. Jioni nyumba yetu ilikuwa na sauti mbili tu, ya mashine na ya kwake. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kigango chetu, na ndiye aliyewafundisha wanawake wapya. Wengi hawakujua kusoma noti. Alichofanya ni kujirekodi kwenye simu akiimba sauti ya pili peke yake, akawatumia, wakaisikiliza wakipika na wakifua mpaka ikawaingia. Ukiisikia sauti ya pili peke yake haifanani na wimbo unaoujua. Inapanda kidogo na kushuka kidogo, kama mtu anayejibu maswali ambayo wewe huyasikii. Nilizoea kumsikia hivyo, nusu ya wimbo, kutoka jikoni.

Alipoanza kuugua moyo, kwaya ilimfuata nyumbani. Alipochoka zaidi waliacha kuja, lakini hakuacha kurekodi. Simu yake ilikuwa imejaa, akawa anatumia mashine ya majaribio, kwa kuwa ilikuwa karibu na kochi alilokuwa akilala mchana na nilikuwa nimeifungia kipaza sauti cha zamani. Mimi sikujua. Mchana nilikuwa mjini, na niliporudi mashine ilikuwa kama nilivyoiacha, ikiandika na kufuta mafaili yangu ya majaribio. Hakuwa ananificha. Kwake halikuwa jambo la kutangaza, kama vile asingenitangazia kwamba leo ametumia sufuria kubwa.

Siku alipozidiwa nilikuwa kibandani. Jirani yetu ndiye aliyempakia kwenye bajaji na kumpeleka hospitali. Ni mama wa Kiislamu, mtu wa mjini tangu kwa babu zake, na ukuta wake na wetu unagusana. Nilimkuta ameshamfikisha, ameshika kanga ya mke wangu mkononi. Nililala hospitali. Kesho yake mchana mke wangu akafariki, akiwa anaangalia dirishani upande ambao siku zisizo na wingu mlima unaonekana. Siku hiyo haukuonekana.

Kwetu aliyefiwa hashiki kitu. Kabla hata sijatoka hospitali majirani walikuwa wameshaingia nyumbani kwangu. Makochi yalitolewa nje, televisheni ikageuziwa ukuta na kufunikwa shuka, picha zikashushwa, sebule ikafagiwa na kutandikwa mikeka na magodoro kwa ajili ya wanawake watakaolala msibani. Ndivyo inavyofanyika kwa kila mtu, na mimi mwenyewe nimebeba makochi ya watu wengi. Nilipofika sikuangalia kilichohamishwa. Nilikalishwa kwenye kiti nje, chini ya turubai, nikapewa maji, na watu wakaanza kunipa mkono.

Tulimzika kihambani, shamba la ukoo wetu Mwika, kati ya migomba, karibu na baba yangu. Padri alisema maneno mazuri. Kwaya yake iliimba, na hata mimi nisiyejua muziki nilisikia kwamba sauti ya pili imepungua.

Watu walipoanza kutawanyika, mama mkwe wangu aliniita. Anaishi ng'ambo ya mto, mwendo mfupi kutoka kwetu, na siku ile alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, peke yake, ameshika kisahani cha kiburu, ndizi na maharage, ambacho hakukigusa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapa, mwanangu. Wimbo wangu uko wapi?"

Sikuelewa. Akaniambia kwamba asubuhi ile ya kuzidiwa binti yake alimpigia simu, akamwambia, mama, leo nimekuimbia ule wimbo wako wa kukatia majani. Nimeuweka kwenye mashine ya fundi. Nikipata nguvu nitamwambia akuletee.

Ule wimbo ni wa Kichagga. Mama mkwe alikuwa akiuimba alipokwenda kukata majani ya ng'ombe, mke wangu akiwa mgongoni. Baadaye waliuimba pamoja, mama akianza na mtoto akifuata. Mama mkwe hakutaka nyimbo za kwaya. Alichotaka ni huo mmoja.

"Nitaangalia, mama," nikamwambia.

"Usiangalie. Niletee."

Niliporudi Shirimatunda nilikuta mashine chini, kwenye kona ya chumba cha kulala, imefunikwa kitambaa safi. Waya wake ulikuwa umekunjwa vizuri, mkunjo juu ya mkunjo, na katikati umefungwa kwa kipande cha kitenge ili usifumuke. Nilijua mkono wa nani hufunga hivyo. Jirani yetu hufunga kila kitu kwa vipande vya kitenge, mifuko ya mchele, mafagio, hata mdomo wa chupa ya mafuta. Nilikaa kitandani nikiuangalia ule waya kwa muda mrefu. Mashine ilikuwa imechomolewa katikati ya kazi, na mara hii haikuchomolewa na mimi.

Kazi hii ina sheria moja. Diski iliyoumia haiguswi. Unatengeneza nakala yake nzima, kila chembe, hata zile sehemu zinazoonekana tupu, na kujaribu kwako kote kunafanyika kwenye nakala. Nilitengeneza nakala. Kisha nikaifungua kwa kiraka cha karibuni, nikaisubiri ijikumbuke.

Orodha ilikuja. Katikati ya mafaili yangu yenye majina ya namba kulikuwa na mafaili aliyoyapa majina yeye: utukufu sauti ya pili, mtakatifu sauti ya pili, matoleo jumapili. Na la mwisho kabisa liliitwa mama.

Nilianza na utukufu. Akaimba. Alipumua katikati, akakohoa, akasema, "Ngoja nirudie hapo," akarudia. Nilisikiliza hayo yote mpaka mwisho, nikiogopa kufika kwenye lile la mwisho. Kisha nikalifungua.

Faili la mama lilikuwa na urefu wake kamili. Kwenye kioo kile kimstari cha kuonyesha wimbo umefika wapi kilitembea kama kawaida, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakukuwa na sauti. Nilidhani spika imekatika, nikarudi kwenye utukufu, akaimba. Nikalifungua tena la mama, kimya. Nikaliangalia ndani, namna sisi mafundi tunavyoangalia, na nikakuta sifuri. Sifuri mwanzo, sifuri katikati, sifuri mwisho.

Nilimwandikia yule mtu nilichokiona. Siku zote niliandika hivyo hivyo, bila kuongeza. Faili lipo, urefu ni sahihi, ndani ni tupu. Mashine ilikuwa imewaka tangu faili lilipoandikwa, ikachomolewa kesho yake.

Alijibu haraka kwamba hilo ni kosa kubwa na kwamba ni vizuri limeonekana. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, kama faili lile lilikuwa la majaribio.

Nikaandika, hapana, ilikuwa sauti ya mke wangu, amefariki.

Hakujibu siku ile wala iliyofuata. Alipojibu hakuandika mambo ya kiraka kwanza. Aliandika maneno machache ya pole, ya mtu asiyejua aandike nini, na mimi Kiingereza changu hakikujua nimjibu nini. Tulikuwa sawa. Ndipo akanieleza. Ili kuipunguzia kazi diski, kiraka chake kilikuwa kinashikilia mafaili makubwa kwenye kumbukumbu ya muda mpaka diski ipate nafasi ya kuyapokea. Lakini jina la faili na urefu wake kilikuwa kinaviandika mapema. Mafaili yangu ya majaribio hayakuacha diski ipumzike, kwa hiyo wimbo ulikaa ukisubiri zamu ambayo haikufika. Zile nyimbo nyingine zilipona kwa sababu siku zile jioni niliizima mashine taratibu, na mashine ikizimwa taratibu huandika kila kitu kabla ya kulala. Majaribio yangu yote hayakuonyesha kosa hilo kwa sababu mafaili niliyoyatengeneza yalikuwa madogo. Hakuna aliyekuwa ameipa mashine ile kitu kikubwa na kuondoka.

Kwa hiyo nilijua. Tangu asubuhi ile, wakati tuko hospitali, wimbo ulikuwa hai ndani ya mashine, na ulikuwepo mpaka pale waya ulipotoka ukutani.

Nilipanda Mwika na kompyuta ndogo kwenye begi. Ningeweza kumwambia mama mkwe kwa simu, lakini aliniambia nimletee, na nilichokuwa nacho kilikuwa hicho. Nilimkuta barazani akichambua maharage, wingu limeshuka mpaka kwenye mibuni. Nilimsalimia, nikamweleza polepole. Faili lipo, lina urefu wa wimbo, sauti haikuwahi kufika kwenye diski.

"Lina urefu wa wimbo?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo aliimba wote. Hakuishia njiani."

"Aliimba wote."

"Washa."

"Mama, hakuna utakachosikia."

"Nimekuelewa. Washa."

Nikawasha. Akaacha maharage, akaweka mikono magotini. Kimstari kikatembea. Ng'ombe alikuwa anatafuna zizini, na matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye migomba ingawa mvua ilikuwa imeacha. Midomo yake ikaanza kusogea. Alikuwa anaufuata wimbo kimoyomoyo, na akafika mwisho kabla kimstari hakijafika.

"Aliuimba taratibu," akasema. "Alikuwa hana pumzi."

Alichukua tena ungo wake, akachambua kidogo, akaacha.

"Una simu?"

"Ninayo."

"Rekodi nayo. Mimi siimbi mara mbili, kwa hiyo uwe fundi kweli."

Akaimba kwa ile sauti ya kizee yenye mikwaruzo, akiangalia mibuni yake wala si mimi. Mwishoni akakohoa, akasema kwa Kichagga kwamba basi, yatosha.

Siku chache baadaye jirani yangu wa Shirimatunda alikuja kuchukua hotipoti zake zilizobaki tangu msiba. Alisimama mlangoni akiangalia mashine, ambayo nilikuwa nimeirudisha kwenye meza yake karibu na dirisha.

"Jirani, hii siku ile niliizima mimi. Niliona inavuma na watu wanataka kutandika, nikachomoa. Haikuharibika?"

Ningeweza kusema haikuharibika. Mashine yenyewe kweli ilikuwa nzima. Lakini angeendelea kuja nyumbani kwangu kila siku, na kila siku ningekuwa nimemdanganya.

"Mashine haikuharibika," nikasema. "Kulikuwa na wimbo ndani aliourekodi kwa ajili ya mama yake. Ulipotea."

Akaketi kwenye mkono wa kochi, hotipoti mapajani.

"Nisingechomoa?"

"Ungekuwepo."

"Si umeme nao hukatika?"

"Hukatika. Ungekatika, ungepotea vilevile."

"Lakini haukukatika."

"Haukukatika."

Alilia bila sauti, akijifuta kwa ncha ya mtandio. Nikamwambia jambo lililobaki, na hilo pia lilikuwa kweli. Mashine ile ilikuwa pale ili ichomolewe ghafla na isipoteze kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndiyo iliyoishinda. Yeye alifanya kile anachofanya jirani.

"Ungeniambia mapema," akasema.

"Sikuweza."

"Ungeniambia tu. Nimekaa nikijisifu kwamba hata waya niliukunja."

"Uliukunja vizuri," nikasema, na tukajikuta tunacheka kidogo huku anaendelea kulia.

Kiraka kipya kilipofika, mtu wa nchi ya baridi aliandika kwamba kimerekebisha mpangilio: sasa urefu hauandikwi mpaka wimbo wenyewe umeshatua kwenye diski, na hakuna faili linaloachwa kusubiri bila mwisho. Aliniomba nikijaribu kama kilivyojaribiwa siku ile, kwa faili kubwa, mashine ikiwa na kazi nyingi, kesho yake waya uchomolewe. Aliuliza pia aweke jina gani kwenye mstari unaomtaja aliyejaribu. Nilitaka kuandika jina la mke wangu, na nikaliandika kweli. Kisha nikalifuta, kwa kuwa hakujaribu kiraka. Alikuwa anamwimbia mama yake. Nikaweka langu.

Faili kubwa nililokuwa nalo lilikuwa wimbo wa mama mkwe. Nilikuwa na nakala yake kwenye simu na nyingine kibandani, sikuwa mwendawazimu. Nikauweka kwenye mashine, nikaiachia kazi zake, nikaondoka. Kesho yake nikasimama mbele ya ukuta. Nilikuwa nimechomoa waya ule mara ambazo hazihesabiki, na mkono ulikataa. Nikaenda kugonga mlango wa jirani.

"Mimi?" akasema. "Baada ya yale?"

"Nakuomba."

Alikuja akiwa na unga mikononi. Akapiga bismillahi, akachomoa. Mashine ikanyamaza. Kisha, bila kufikiri, akaanza kuukunja waya, mkunjo wa kwanza, wa pili.

"Usiukunje, jirani. Tunaurudisha."

"Astaghafiru," akasema, akaukunjua. Akanipa plagi na mimi nikaichomeka.

Mashine ilichukua muda wake. Orodha ikaja, na faili lilikuwepo na urefu wake. Nikaliwasha, na sauti ya kizee ikajaa sebuleni, pamoja na ng'ombe na matone ya migomba, mpaka kikohozi cha mwisho na yale maneno ya kwamba basi, yatosha. Jirani alisikiliza akiwa amesimama, ameinua mikono yake yenye unga asije akagusa kitu.

"Ni yeye?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hapana. Ni mama yake."

"Wanafanana."



"Kidogo," nikasema. "Wa kwake ulikuwa wa taratibu zaidi."

Akarudi kwake kumalizia chapati. Mimi nikakaa mezani nikaandika kwamba faili limerudi lote na hakuna sifuri ndani yake. Nikamtumia yule mtu. Lile lingine, lililoitwa mama, bado liko kwenye diski ya zamani ambayo siigusi.